Gitaa la mbao linunuliwe mwezi wa tisa

Ukitaka kununua gitaa la mbao hapa Lubumbashi, nunua mwezi wa tisa. Bei haishuki mwezi huo, wala wauzaji hawapati huruma wasiyokuwa nayo miezi mingine. Sababu ni mbao zenyewe: ifikapo mwezi wa tisa zimekosa pa kujificha. Mvua zilikatika tangu Aprili, baridi kavu ya Juni na Julai imepita, vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya makabati, na lile joto linalotangulia mvua limeanza kubana. Gitaa lililopitia hayo yote likiwa dukani, na bado uso wake haujapasuka, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hazijachomoza pembeni, mgongo haujaachana na mbavu, hilo limeshafanya mtihani na karatasi zimesahihishwa. Nenda Januari, wakati mlango wa chumba chako mwenyewe umevimba hata haufungiki, utayaona magitaa yote ya mjini ni mazima.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza habari za gitaa huanza na jina la kampuni. Jina lina mahali pake, nitalifikia. Ila jua la Septemba halisomi jina.

Mimi ni mshonaji. Atelie yangu iko Kamalondo, nashona sare za kwaya, nguo za harusi na vitenge vya kila sherehe, na Jumapili napiga gitaa parokiani kwetu Katuba. Gitaa la parokia ni la wote: kila kijana aliyejifunza akodi tatu hulichukua, na likirudi limepungua uzi mmoja. Nikaamua nipate langu. Nilitenga dola 250, na humo humo nikakata 50 ambazo muuzaji yeyote asingezigusa: za fundi, za nyuzi, za kasha. Mdogo wangu, ambaye hupenda kunihesabia pesa zangu, alisema nikitoa zote 250 nitapata gitaa kubwa zaidi. Kweli ningelipata, na lingekaa ukutani likisubiri dola 50 za fundi.

Kabla hujaingia dukani, jiulize mikono yako inafanya nini. Wengine wanakwangua nyuzi zote sita kwa pamoja, kuongoza watu waimbe. Mimi nilifundishwa na mjomba wa Likasi, naye alipiga kama wazee wa Katanga walivyopiga: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinaimba kwenye nyembamba, basi, vidole viwili tu. Ndio mtindo wa kina Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimrekodi Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na gitaa lile likasikika mbali kuliko mpigaji mwenyewe alivyoweza kutegemea. Ukisikiliza rekodi za wakati huo, kinachokushika ni kwamba besi na wimbo havigombani. Unaweza kufuata gumba peke yake, kisha ukarudi kufuata kidole cha shahada. Kupiga hivyo kunataka gitaa ambalo kila uzi unajibu kwa sauti yake, bila ule mvumo mmoja mzito unaofunika yote.

Kwa hiyo sikutaka gitaa kubwa. Lile lenye mwili mpana unaloliona katika kila picha ya waimbaji wa injili ni umbo ambalo Martin wa Marekani walilitengeneza kwanza mwaka 1916, na walilipa jina la Dreadnought, meli ya kivita ya Uingereza ya mwaka 1906, kwa sababu ya ukubwa wake. Lina besi ya kutosha kanisa zima. Lakini mimi ni mfupi, na nikilipakata bega la kulia linapanda hadi sikioni. Misa ikiisha shingo yangu ndiyo inayolia. Kuna umbo dogo zaidi, lenye kiuno kilichobanwa, ambalo wengi huliita la konseti. Linakaa pajani vizuri na sauti zake zimegawanyika sawa kati ya chini na juu. Mtu asikuambie kwamba dogo ni la watoto. Keti nalo kwenye kiti, mkono wa kulia ujilaze wenyewe, kisha useme.

La pili la kuamua mapema ni nailoni au chuma, na hapa naomba unisikilize, maana nimeona daraja la gitaa, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, likiruka kwa sauti kama ya bunduki katikati ya mazoezi. Nyuzi za chuma za unene wa kawaida, seti inayoanzia 0.012 ya inchi, zikikazwa zote sita zinavuta kwa nguvu inayozidi kilo 70. Za nailoni zinavuta kama kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi kwa ajili ya hizo 40. Mtu anakatikiwa na uzi wa nailoni Jumamosi jioni, sokoni hakuna nailoni, ananunua chuma, anafunga, anakaza. Litavumilia wiki chache huku uso unaota tumbo nyuma ya daraja, halafu siku moja linafunguka. La nailoni utalitambua kwa shingo pana, kama milimita 52 pale juu, na nyuzi zake hufungwa kwa fundo darajani. La chuma lina shingo ya milimita 43 hivi, na kila uzi unashikwa darajani kwa kipini kidogo. Nailoni ni rafiki wa vidole vya anayeanza. Mimi nilitaka chuma, kwa sababu wimbo wa kidole cha shahada ninaoubeba kichwani tangu utoto ni wa chuma.

Duka la kwanza lilikuwa mjini, lenye vioo na jenereta. Nenda asubuhi kabla jenereta halijawashwa, ama hutasikia kitu. Kijana wa dukani aliniona nimevaa utepe wangu wa kupimia shingoni, maana nilitoka moja kwa moja kazini.

"Mama, ni ya mutoto?"

"Ni yangu."

"Aah! Mama eko anapiga gitare?"

"Leta ile ya yulu, papa. Tutaona kama iko inapigika."

Akaliteremsha. Lilikuwa zuri kwa macho: jeusi, vanishi ya kujiangalia uso, pembe moja imekatwa ili mkono ufike chini, na ubavuni tundu lenye vitufe vya umeme na mahali pa betri ya volti 9. Dola 180. Nikavua utepe shingoni. Nilipima kutoka kifupa cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, hadi freti ya 12: sentimita 32 na nusu. Kisha kutoka freti ya 12 hadi kifupa cha chini kilicho juu ya daraja. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kuwa karibu sawa. Cha pili huzidi milimita mbili au tatu, zaidi kidogo upande wa nyuzi nene, kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda. Ule urefu wa ziada unairudisha. Kwenye gitaa lile cha pili kilizidi karibu sentimita nzima. Daraja limebandikwa mahali pasipo pake. Hapo hata fundi bingwa hana la kufanya ila kulibandua, na hata malaika hawezi kulilinganisha: ukiweka sawa nyuzi zikiwa wazi, ukifika freti ya tano zimeshachukiana.

Nilimwonyesha. Aliangalia utepe, akaniangalia, akasema "Utazoea, mama."

Kama huna utepe, tumia sikio. Gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, ukwanyue, utatoa sauti nyembamba kama filimbi. Sasa ubonyeze hapo hapo ukwanyue tena. Sauti hizo mbili ziwe moja. Simu yako ina programu ya kulinganishia nyuzi, iache ikusaidie, ila sikio lenye mazoezi huwahi kabla ya simu. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, muuzaji akikunja uso mwache akunje.

Na hivi vitufe vya umeme: kwenye gitaa la bei hii ni pesa iliyotolewa kwenye mbao ikatiwa kwenye plastiki. Kanisani kwetu tunaweka maikrofoni mbele ya tundu. Umeme ukikatika, na hapa kwetu ukikatika hakuna anayeinua kichwa, gitaa la mbao linaendelea.

Tufike kwenye mbao, maana hapo ndipo neno "zuri" linapopata maana yake. Uso wa gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu, ndio unaotoa sauti. Mgongo na mbavu huongeza rangi tu. Uso unaweza kuwa ubao mmoja mzima, kwa kawaida wa spruce au wa mwerezi, au ukawa tripleksi, tabaka nyembamba zilizogundishwa kama za milango yetu ya ndani. Ubao mzima unatetemeka kwa uhuru, na kadiri miaka inavyokwenda na kupigwa ndivyo wengi wetu tunavyosikia unafunguka. Tripleksi inabaki ilivyo. Kutofautisha ni rahisi, wala usimwulize muuzaji. Tazama ukingo wa tundu kwa mwanga wa simu. Mistari ya mbao unayoiona usoni ikishuka moja kwa moja katika unene wa ukingo, ni ubao mzima. Ukiona mistari imekatishwa, na chini yake kuna utando wa mbao nyingine iliyolala upande tofauti, ni tripleksi. Mtengenezaji akipaka rangi nyeusi ukingoni, basi hapo unaanza kumtilia shaka.

Lakini sitaki kuidharau tripleksi. Haipasuki ovyo kwa ukavu. Gitaa la kukaa stoo ya kanisa mwaka mzima, bila kasha, chini ya mabati, liwe la tripleksi na amani itawale. Yamaha F310 na ile C40 ya nailoni, ambazo zimeenea sana, nyuso zake ni za tabaka, na ni magitaa ya kweli, yamepimwa vizuri, yanalinganika. Ningemshauri anayeanza achukue moja ya hizo kuliko lile jeusi la dola 180. Mwenye uwezo zaidi, katika kampuni hiyo hiyo, atafute FG800 au ndugu yake mdogo wa umbo FS800: hizo zina uso wa spruce mzima, na zimekuwa sokoni tangu 2016. Zile za kabla yao, kama FG700S, herufi S mwishoni ilionyesha uso mzima. Hivyo ndivyo jina linavyofaa: linakuambia namba ya mfano, na namba inakuambia ubao. Jina peke yake ni stika. Nimeonyeshwa gitaa lenye jina kubwa la Marekani kichwani, na jina hilo hilo likiwa na herufi tofauti ndani ya tundu.

Nikiwa bado kwenye mbao, kuna jambo linanikereketa. Mgongo na mbavu za FS800 huandikwa kuwa ni nato au okume. Okume ni mti wa Gaboni na majirani zake. Sapele, ambayo kampuni nyingi sasa huitumia mahali pa mahogani, hukua katika misitu ya Kongo hii hii yetu. Mpingo mweusi wa vibao vya shingo unatoka Kamerun, na huko Yaounde kampuni ya Taylor ya Marekani ni mmoja wa wamiliki wa kiwanda cha kuupasua tangu 2011. Huku Katanga tuliona malori ya mkula yakielekea Kasumbalesa mpakani na Zambia, gogo juu ya gogo, hadi mti huo ukaingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kulindwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mti unaondoka kwetu ukiwa gogo, unarudi ukiwa gitaa, nasi tunaombwa dola. Maseremala wa Katuba wanatengeneza vitanda vya kuishi kuliko wanaovilalia. Ningefurahi kuona mmoja wao akipewa kalibu ya kukunjia mbavu.

Basi. Gitaa nililonunua halikutoka dukani. Lilikuwa okazyo, yaani mtumba, wa Ulaya, kwa kijana mmoja wa Bel-Air anayeletewa vitu kutoka Ubelgiji: friji, baiskeli, mashine za kufulia, na safari hii FS800 moja ndani ya mfuko wa nguo. Alitaka 220. Nilimwomba kiti, nikakaa uani kwake, nikalikagua kwa utulivu, huku mama yake akiendelea kusonga bukari na kuniangalia kana kwamba nanunua ng'ombe.

Nilianza na shingo. Unalishika gitaa kama unalenga kwa bunduki, jicho kwenye kichwa, unatazama kingo za shingo hadi kwenye mwili. Ziwe zimenyooka, au na mbonyeo kidogo sana wa mbele. Ukitaka uhakika, bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja: uzi umekuwa rula. Angalia nafasi kati yake na freti ya saba. Karatasi ngumu ipite, kidole kisipite. Mbonyeo mdogo hurekebishwa kwa chuma kilichofichwa ndani ya shingo, kwa ufunguo wa aleni. Shingo iliyojipinda kama kamba ya nguo, upande mmoja juu na mwingine chini, iache, hata ukipewa bure.

Nikapima. Sentimita 31.7 hadi freti ya 12, na 31.9 kutoka hapo hadi kifupa cha chini. Moyo ukaanza kwenda, ila uso nikauacha wa mnunuzi.

Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: kadi tatu za benki zikibanwa pamoja zina unene wa karibu milimita 2.3. Uzi mnene wa juu ukizigusa kidogo tu, pako vizuri. Hapa kadi tano zilipita bila kugusa kitu. Ndiyo maana aliyekuwa nalo huko Ulaya aliliuza, nadhani. Vidole vilimshinda akafikiri ni gitaa. Kisha daraja: nilijaribu kupitisha karatasi ya stakabadhi kati ya daraja na uso, pande zote. Haikuingia popote. Nikagonga mgongo na uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, sehemu kwa sehemu, nikisikiliza kama kuna kibao cha ndani kilichobanduka. Kikibanduka hukereketa kama nzi ndani ya chupa. Kimya. Nikazungusha kila ufunguo wa kukazia uzi kichwani: uzi ufuate mara moja, usicheleweshwe. Ukisikia "tik" pale kifupa cha juu, mfereji wa uzi umebana, na risasi ya penseli huutuliza. Freti tatu za kwanza zilikuwa na mashimo madogo chini ya nyuzi nyembamba, alama za miaka ya kupiga akodi zile zile. Kipini kimoja cha daraja kilikuwa kijiti cha kiberiti. Vanishi ilikuwa na mkwaruzo mrefu mgongoni, ambao haukunihusu. Mwisho nikapiga kila uzi kwenye kila freti, moja moja. Hili linachukua muda, na hakuna njia ya mkato.

Sauti huipimi ukiwa umelipakata gitaa, kwa sababu sauti inakwenda mbele na wewe uko nyuma yake. Nilimpa mdogo wangu, nikasimama hatua kadhaa mbali nimempa mgongo, akapiga kitu kile kile kwenye gitaa hili na kwenye la parokia tulilokuja nalo, bila kuniambia ni lipi. Nilisikiliza besi inaisha vipi: inakatika, au inazimika polepole. Nilisikiliza pia kama uzi wa kwanza, ule mwembamba, una nyama au unalia kama bati. La parokia nililipenda kwa mazoea. Kwenye hili nilisikia kila noti hata alipopiga kwa sauti ya chini kabisa, na hapo ndipo gitaa la ubao mzima hulishinda la tripleksi. Kupiga kwa nguvu, yote yanapiga kelele.

Bei tuliipatana bila ugomvi. Sikuliponda gitaa la watu. Nilitaja freti tatu, kijiti cha kiberiti na kadi tano, nikamwambia fundi atanidai nini. Akasema 200. Mama yake akasema kutoka jikoni, "Umupatie mama huyu, eko anajua." Tulimalizia 165.

Fundi wangu yuko Katuba, mzee anayetengeneza pia redio na akodioni za makanisa. Kazi kubwa ilikuwa kifupa cha chini. Hesabu yake ni nyepesi na watu wengi wanaikosea: kifupa kiko mwisho wa uzi na freti ya 12 iko katikati, hivyo ukitaka nyuzi zishuke milimita moja kwenye freti ya 12, unasugua milimita mbili za kifupa. Alikitoa, akachora mstari kwa penseli, akakisugua chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili kibaki kimenyooka. Alisugua kidogo, akarudisha, akakaza nyuzi, akapima, akatoa tena. Mfupa unapungua, hauongezeki, kwa hiyo haraka ya nini. Freti tatu alizisawazisha na kuzing'arisha. Kipini cha daraja alikichonga kwa mfupa wa ng'ombe, kimekuwa cheupe kuliko wenzake. Alinidai dola 15, na nilimwongezea nauli.

Nyuzi nilimwagizia binamu anayevuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, seti za kuanzia 0.011, nyepesi kidogo kuliko za kawaida. Kwa kidole gumba na cha shahada zinatosha, na zinapunguza mvuto kwenye uso. Waliokua hapa wanakumbuka magitaa ya kopo la mafuta yenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Wajuzi wamejifunzia humo na nawavulia kitambaa, lakini waya huo kwenye gitaa la ubao mzima ni msumeno juu ya freti. Nyuzi zikianza kubadilika rangi na besi kupoteza mlio, badilisha zote sita, usibadilishe ule uliokatika peke yake. Futa jasho kila ukimaliza kupiga. Kwa mshonaji kipande cha pamba hakikosekani.

Kutunza ni kurudi kwenye mwezi wa tisa. Watengenezaji wengi wanashauri unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi cha hapa kinakwenda chini ya hapo bila kuaga. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tano gitaa langu halilali nje ya kasha. Ndani ya kasha naweka kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri hadi haidondoshi hata tone, kando ya kichwa, isiguse mbao. Nikipitisha kidole pembeni mwa shingo na kusikia ncha za freti zinakwaruza, najua sponji imekauka. Mvua zikianza naiondoa, la sivyo mambo yanageuka na uso unavimba. Usilitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Na kamwe usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi ya daraja inalainika, na zile nyuzi hazijaacha kuvuta.

Binti wa dada yangu amekuja atelie mara nyingi kuliangalia, sasa anataka lake. Ana miaka tisa. Nimemwambia mama yake asimnunulie la chuma, wala kubwa la kulikulia baadaye. Atafute la nailoni la robo tatu, ambalo nyuzi zake zina urefu wa sentimita 58 hivi badala ya 65 za gitaa zima la nailoni, la tripleksi, lisilo na vitufe vyovyote. Utepe nitamwazima mimi.